Mama Saa na Safu ya Wasiokuwapo

Mimi ni fundi wa sauti. Kazi yangu, kwa miaka kumi na saba sasa, ni kuhakikisha kwamba watu wanaosema mambo yasiyoeleweka wanasikika vizuri. Kila Jumatano saa nane mchana nawasha vipaza sauti katika ukumbi wa ghorofa ya pili, wenye viti mia na ishirini vya mbao vya kukunja, kila kimoja na mlio wake, na wasomi wanakuja kuelezana binadamu ni kiumbe wa namna gani. Nimewasikia wakieleza kwa nini watu hucheka, kwa nini nyani hutoana chawa, kwa nini umbea unaishikilia jamii isisambaratike. Mhadhara wa umbea ulijaza watu hadi mlangoni. Nimewasikia wakibishana saa nzima kama mtoto hujifunza kwa kuiga au kwa kufundishwa, na wote hao walilelewa na watu ambao hawakuwahi kujiuliza swali hilo hata siku moja.

Lakini sitaki kuzungumzia wasomi. Wao wana vitabu vyao vya kujisemea. Nataka kumzungumzia mwanamke aliyekaa kando ya meza yangu miaka yote hiyo, ambaye kwenye karatasi za ofisi aliandikwa mhudumu, na ambaye ukumbi mzima ulimwita Mama Saa. Siku nyingine za wiki alisambaza barua, alitoa nakala, alifungua madirisha asubuhi na kuyafunga jioni. Jumatano alikuwa mshika muda.

Alikuwa na kadi tatu alizozikata mwenyewe kwenye boksi la karatasi na kuzipaka rangi. Kijani, zimebaki dakika kumi. Njano, zimebaki tatu. Nyekundu, basi. Aliziinua bila neno, kutoka nyuma kabisa ya ukumbi, macho yake kwenye macho ya mzungumzaji. Msomi akijifanya hajaona, Mama Saa alisimama. Akiendelea, alianza kushuka katikati ya viti, taratibu, kadi nyekundu kifuani. Sikuwahi kuona mtu aliyemsubiri afike mbele. Mmoja alijaribu, mgeni mwenye ndevu nyingi aliyealikwa kutoka mbali. Alitabasamu akasema, "Dakika mbili tu, Mama." Mama Saa akageuka kunitazama. "Waya, zima." Waya ndilo jina aliloniita. Nikazima. Mgeni wetu akabaki anachezesha midomo kama samaki, na ukumbi ukapiga makofi, wengine wakidhani amemaliza.

Nasema haya ujue kwamba hakuwa mtu wa kuyumbishwa. Ndiyo maana kosa lake moja lilimuuma kuliko ambavyo lingemuuma mtu wa bora liende.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Kifungua mimba na kitinda mimba kwa mpigo, kama alivyopenda kusema. Mumewe alifariki binti akiwa bado anajifunza kusoma. Binti akakua, akasoma, akaolewa mbali, siku mbili kwa basi na mpaka mmoja wa kuvuka. Alipopata ujauzito alimpigia mama yake akamwomba aje kukaa naye siku za kujifungua. Mama Saa alinunua kanga, sabuni za mtoto, na begi jipya la kuzitia. Kisha tarehe ikaangukia wiki ya mkutano mkuu: wageni mia mbili, mada sitini kwa siku tatu, na kila msomi anaamini yake ndiyo iliyowaleta watu.

Mkuu wa Idara alimwita akamwambia bila yeye mkutano utaharibika. Mama Saa akaja kwangu, akakaa, akaniuliza afanye nini. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza wasomi sitini bila mtu wa kuwazuia na mimi peke yangu na vipaza vyangu. Nikamwambia huku nacheka, "Mtoto hatoroki, Mama Saa. Utamkuta palepale."

Akabaki. Mkutano ulikwenda kama ulivyopangwa, hakuna aliyezidisha hata dakika moja. Mtoto naye hakungoja ratiba. Alikuja siku ya pili ya mkutano, siku tatu kabla ya tarehe. Binti alipata tabu sana. Alilazwa siku tisa, na siku mbili za mwanzo hakuna aliyejua kama atatoka. Mama wa mume wake alifunga safari palepale aliposikia. Mama Saa alipopiga simu kusema amepata tiketi ya Jumatatu, binti alimjibu kwa sauti ndogo, "Usijisumbue, Mama. Tumeshapata wa kutusaidia."

Hakuna tusi ndani ya maneno hayo. Ungeyaandika kwenye karatasi usingeona kosa. Lakini Mama Saa aliyasikia kama mlango unaofungwa taratibu ili usipige kelele. Akairudisha tiketi, na tangu siku hiyo akawa anangoja aitwe.

Hakuitwa. Mwaka ukapita, wa pili, wa tatu. Mara nyumba ni ndogo, mara binti amebadilisha kazi, mara mama mkwe wa binti bado yupo, na si vizuri kina bibi wawili kubanana chumba kimoja. Sababu hizo hakupewa na mtu, alijitungia mwenyewe. Alituma nguo, na kila mara zilikuwa ndogo, kwa kuwa alikisia kimo cha mtoto kwa picha za simu. Jumapili aliongea na mjukuu wake kwa dakika chache, ambazo nusu yazo zilikuwa "Haloo? Unanisikia?" Mtoto alikuwa na Bibi, yule aliyelala naye chumba kimoja na kumwogesha, na alikuwa na Bibi wa Simu. Mama Saa alinisimulia jina hilo kama kichekesho. Alicheka mpaka akalazimika kufuta macho, na mimi nikajifanya natafuta waya chini ya meza.

Siku moja mwanafunzi mmoja wa kike alikuja ukumbini na kitoto chake mgongoni, hana wa kumwachia. Mama Saa alikipokea bila kuombwa. Kikalala kifuani pake mada nzima, na ilipofika saa ya kuinua kadi nyekundu aliiinua polepole mno asikiamshe. Mzungumzaji yule alipata dakika nzima ya bure. Mpaka wakati huo, ni yeye peke yake aliyewahi kuipata.

Sasa niifikie Jumatano yenyewe. Aliyezungumza alikuwa kijana mwembamba, shati limemzidi mabega, sauti yake ndogo mpaka nikapandisha kipaza hadi kikaanza kuvuma. Mada yake ilikuwa: kwa nini bibi anaishi. Alieleza kwamba wanyama wengi, jike likiacha kuzaa, halikai sana duniani. Mwanamke wa binadamu anaacha kuzaa na bado anaishi miaka ishirini, thelathini, arobaini zaidi. Anafanya nini muda wote huo? Kuna waliocheka. Kijana akasema jibu lake ni kwamba analea watoto wa mtoto wake. Alikuwa amezunguka vijiji kumi na moja, nyumba kwa nyumba, akiuliza wamezaliwa watoto wangapi, wamevuka miaka mitano wangapi, na bibi mzaa mama yupo au hayupo.

Akaonyesha jedwali. Kushoto safu imeandikwa "Bibi yupo", kulia "Bibi hayupo". Namba za kushoto zilikuwa zimenenepa, za kulia zimekonda. Penye bibi, watoto walivuka kwa wingi, na mama zao walipata kulala na kupona. Mama Saa aliinua kadi ya kijani kwa dakika yake, barabara, na nilimwona amenyoosha mgongo, kama mtu anayesifiwa bila kutajwa jina.

Hapo akadakia mzee mmoja wa mstari wa mbele tuliyemwita Profesa Nyongeza, kwa sababu kila wiki husimama na kusema, "Sina swali, nina nyongeza," kisha anazungumza robo saa. Siku hiyo, ajabu, alikuwa na swali. "Samahani, kijana. Ukisema hayupo, maana yake amekufa?"

"Si lazima, Profesa," kijana akajibu. "Tumewaweka pamoja waliofariki na wanaoishi mbali, zaidi ya mwendo wa siku moja. Tulijaribu kuwatenganisha, lakini kwa upande wa mtoto hatukuona tofauti yoyote."

"Ndiyo maana wakasema asiyekuwapo na lake halipo," Profesa akasema, na ukumbi ukacheka.

Nami nilicheka. Kisha nikageuka kumtazama jirani yangu, nikaacha kucheka. Kadi ya njano ilikuwa mapajani mwake. Dakika ya kuiinua ilifika, ikapita. Nikamgusa kiwiko, hakusikia. Ya nyekundu nayo ikapita. Watu wakaanza kugeuka nyuma kuangalia kulikoni. Mkuu wa Idara, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, alinichezeshea nyusi mpaka nikadhani ameingiwa na kitu jichoni. Kijana wa watu, kwa kuwa hakuona kadi, alidhani bado ana muda tele, akaanza kutueleza vijiji vyake upya, kimoja baada ya kingine. Alizidisha dakika kumi na nane. Ningeweza kumzima mwenyewe. Sikumzima, kwa sababu nilimwona Mama Saa ameikazia macho ile safu ya kulia na sikutaka iondolewe kabla hajamaliza nayo.

Yakaja maswali. Mhudumu hauulizi ukumbi swali. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, lakini kila mtu anajua. Mama Saa akasimama. Kijana alipomwona na kadi mkononi alianza haraka kukusanya karatasi zake.

"Samahani, mwanangu," Mama Saa akasema. Sauti yake ilitetemeka, mimi niliyezoea kupima sauti za watu nililisikia hilo. "Huyo anayeishi mbali. Akirudi, mnamhamisha? Au anabaki alikoandikwa?"

Kijana akalitazama jedwali lake kana kwamba ni la mtu mwingine. "Hilo hatukuliuliza, Mama. Tulifika kila nyumba mara moja tu. Tuliandika tulichokikuta siku ile."

"Kwa hiyo hamjui."

"Hatujui, Mama."

"Ahsante, mwanangu." Akakaa.

"Haya, sasa tupate maswali kutoka kwa watafiti," akasema Mkuu wa Idara, na nilitamani sana kidole changu kiteleze kwenye swichi yake.

Watu walipotoka, tulibaki wawili kama kawaida, mimi nakunja nyaya, yeye anarudisha viti. Siku zote kazi hiyo tuliifanya kwa utani. Siku hiyo vilisikika viti tu.

"Umesikia, Waya?" akasema hatimaye. "Mimi na waliofariki tuko safu moja."

"Achana nao hao. Wao kila kitu lazima wakitie kwenye boksi."

"Hawakukosea. Mimi nilikuwa nadhani niko mbali tu." Akakikunja kiti kingine. "Kumbe nilishakufa, na mtu hakuniambia."

Maneno yale yalinikata maini. Nikaacha nyaya zangu nikamwambia jambo nililolimeza kwa miaka minne, kwamba mimi ndiye niliyemwambia mtoto hatoroki, na kwamba kila nilipomwona anafunga kifurushi cha nguo kwenda posta nilijua mkono wangu umo.

"Wewe mdomo wako ulisema," akanijibu. "Miguu ilikuwa yangu."

"Basi ipeleke."

"Sijaitwa."

Nikakasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nazo ziliniwahi. "Kuitwa! Tangu lini bibi akaitwa? Anayealikwa ni mgeni. Unangoja kadi ya harusi?"

"Na nikifika nikaambiwa hakuna nafasi?"

"Lala barazani. Watakaoona haya mbele ya majirani ni wao, si wewe."

Alicheka kidogo, kicheko cha pua. Kisha akakaa kwenye kiti alichokuwa anataka kukikunja, akashika tama. "Waya, mimi sijui mtoto yule ananuka vipi. Watu wanasema kila mtoto na harufu yake shingoni, hapa, nyuma ya sikio. Nimeona picha zake mia tatu. Najua kila jino lilivyotoka. Harufu yake siijui. Nikipita karibu na mtoto wa mtu dukani nainama, najifanya nimeangusha kitu."

Nilivuta kiti nikakaa karibu naye.

Ijumaa alipeleka fomu ya likizo. Kwenye nafasi ya sababu aliandika "mjukuu", basi. Mkuu wa Idara alitaka kugoma: Jumatano ijayo anakuja mgeni mkubwa, nani atashika muda? Katibu wake, aliyekuwa anasikiliza mlangoni kama kawaida yake, ndiye aliyetuletea jibu la Mama Saa neno kwa neno. "Mgeni wako hatoroki, Mkuu. Nitamkuta."

Jumamosi asubuhi nilimsindikiza kituo cha basi. Hakuwa amempigia binti simu. Alisema akipiga ataambiwa tena asijisumbue, na safari hii hatakuwa na nguvu ya kulisikia. Alikuwa amebeba gauni la mtoto wa miaka sita kwa ajili ya mtoto wa miaka minne. "Likimzidi, bora," akasema. "Safari hii alifuate yeye." Basi lilipoanza kuondoka hakunipungia mkono. Alikuwa anatazama mbele, midomo ikichezacheza, anajifunza maneno ya kusema mlangoni.

Jumatano nikashika kadi mimi. Mgeni mkubwa aliziona zote tatu, akanitabasamia kwa huruma, akaendelea. Alikuwa anaelezea jinsi binadamu wanavyoheshimiana zamu. Dakika ya hamsini simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nikaona jina, nikaacha mitambo kama ilivyo, nikatoka mbio kwenda koridoni.

"Mama Saa! Umefika?"

"Nimefika juzi." Nyuma yake palikuwa na kelele, sikutambua za nini. "Aliyenifungulia mlango ni yule mama mkwe wake binti. Waya, nilikuwa na maneno yangu, nimeyapanga siku mbili njiani, ya kushukuru, ya kuomba radhi. Hakunipa nafasi. Amenitazama, akatazama begi, akasema, 'Umenichelewesha, dada yangu. Nina wajukuu sita kwa mwanangu mkubwa. Wawili sijawahi kuwashika.'"

Niliegemea ukuta. Miaka minne tulimwonea kijicho mwanamke yule, na miaka minne kulikuwa na nyumba nyingine ambako mtafiti angefika na daftari lake, angeuliza bibi yupo, na angeambiwa hayupo.

"Na binti?"

"Alipotoka kazini akanikuta sebuleni. Alichukua begi langu akalipeleka chumbani, kisha akaingia jikoni, nikasikia maji yamefunguliwa muda mrefu na hakuna kinachooshwa. Nikamfuata. Ndipo akaniambia, 'Mama, nilikuwa nangoja uje bila kuitwa.'" Alivuta pumzi. "Wote tulikuwa tunangoja, Waya. Yeye huku, mimi huko."

Kelele nyuma yake ikapanda. Sasa niliitambua. Alikuwa mtoto analia, kile kilio cha mtu aliyekwisha kulia sana na bado hajachoka.

"Nani huyo?"

"Ndiye. Mama mkwe ameondoka leo asubuhi. Tangu hapo anamlilia bibi yake. Hataki uji wangu, hataki gauni, nikimwimbia ananiziba mdomo na mkono." Sauti ya Mama Saa ilikuwa imelowa, sikujua ni kwa huzuni au kwa nini. "Ananisukuma, Waya. Ana nguvu huyo! Lakini analia hapa hapa, mapajani mwangu."

Hakukata simu. Ukumbini nilisikia watu wakikohoa na vipaza vyangu vikivuma bila mwenyewe. Nikabaki pale koridoni, simu sikioni, nikimsikiliza mtoto akilia mpaka salio la Mama Saa likaisha.